Usitupe Kopo Linalonuka Siki

Barua za safari hii ni nyingi, nami nimechagua zile za watu wenye mikanda ya filamu mikononi, au wanaobishana kuhusu filamu za zamani zilizotengenezwa upya. Barua mbili za mapenzi zilizoniangukia kimakosa nimezipeleka kwa mwenye ukurasa wake. Mimi nilifanya kazi kwenye hifadhi ya filamu, chumba cha ukaguzi, na moyo wa mtu sijawahi kuukagua.

Shikamoo Shangazi. Marehemu babu alikuwa mpiga picha za sinema. Ameacha makopo ya bati kama ishirini hivi, yenye mikanda ya milimita 16. Nilipofungua la kwanza, harufu ya siki ilinipanda puani mpaka nikapiga chafya. Mjomba anasema zimeshaharibika, zitupwe. Rafiki yangu ana projekta, nataka tuziangalie mara moja tu kabla hazijatupwa. Ni sawa? — Mjukuu wa Mpiga Picha

Marahaba, mwanangu. Mwambie mjomba asubiri, na huyo mwenye projekta asubiri zaidi. Nikilazimika kuchagua adui, bora mjomba: alichotupa kinaweza kuokotwa, lakini mkanda uliotafunwa na projekta umekwisha.

Mkanda una sehemu mbili zinazokuhusu. Juu kuna jeletini iliyobeba picha, na chini kuna plastiki iliyobeba jeletini. Kwenye mikanda ya babu yako plastiki hiyo ni asiteti, ambayo hutengenezwa kwa kuifunga selulosi na asidi ile ile iliyomo kwenye siki. Joto na unyevu vikiishi nayo miaka mingi, fundo hilo hulegea, asidi ikatoka, nawe ukapiga chafya. Ubaya ni kwamba asidi iliyotoka huisukuma nyingine itoke. Ndiyo maana mkanda hukaa miaka arobaini bila neno, kisha ukaoza upesi hata usiamini macho yako. Watafiti wa Image Permanence Institute kule Rochester, Marekani, walipima wakaona kwamba asiteti mpya ikiwekwa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50, huchukua kama miaka 40 hadi 50 kabla siki haijaanza. Kwenye chumba chenye joto kali zaidi, miaka hiyo hupungua vibaya.

Mkanda wenye siki husinyaa. Ukisinyaa hata kwa asilimia 1, matundu ya pembeni hayakutani tena na meno ya projekta, nayo meno hayasimami kuuliza. Hurarua tundu baada ya tundu. Kwa hiyo usiupitishe popote.

Lakini harufu peke yake si msiba. Plastiki ndiyo inayolia. Picha mara nyingi bado ipo. Nimekagua mikanda iliyonichuruzisha machozi kwa ukali, na nyuso zilizokuwemo zilikuwa safi kabisa. Fanya hivi. Yatoe makopo mahali penye hewa, vaa glavu, na yanayonuka uyatenge na yasiyonuka, kwa sababu mvuke huo huambukiza jirani. Kabla hujafuta vumbi, nakili kila kilichoandikwa juu ya kopo na upige picha, hata kama ni herufi mbili na tarehe isiyosomeka. Karatasi yoyote uliyoikuta ndani usiitupe. Taasisi hiyo ya Rochester hutengeneza vipande vya karatasi vya buluu ambavyo ukivifungia ndani ya kopo kwa siku moja au zaidi hugeuka kijani, kisha manjano, kulingana na wingi wa asidi. Vya manjano ndivyo vya kukimbilia kwanza. Makopo yenye kutu yabadilishe kwa ya plastiki ya polipropilini, na yalaze. Mkanda uliosimamishwa wima hujikunja kwa uzito wake.

Iliyo hoi, iwekwe kwenye friza. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini baridi ndiyo dawa kubwa inayopunguza mwendo wa asidi. Funga kopo kwenye mifuko miwili isiyopitisha unyevu, na siku ya kulitoa liache kutwa nzima bila kulifungua, umande usije ukaiganda picha. Baada ya hapo wapigie hifadhi ya filamu. Swali lao la kwanza litakuwa: una orodha? Wewe utakuwa nayo.

Shangazi, nasikia filamu za zamani hulipuka. Tuna roli moja ya zamani sana darini, pana kuliko za kawaida. Nikaichome nje tu yaishe? — Mwenye Hofu

Usiichome! Mikanda ya milimita 35 ya mwanzoni ilikuwa ya nitreti, jamaa wa karibu wa baruti ya pamba. Nitreti ikishika moto hujitengenezea oksijeni yake yenyewe, hivyo hata ukiizamisha ndani ya maji itaendelea kuwaka, na moshi wake ni sumu. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea wakati wa joto kali la kiangazi, na sehemu kubwa ya filamu zao za kimya ikaishia hapo. Kodak iliacha kutengeneza nitreti mwaka 1951.

Angalia ukingoni, pembeni mwa matundu, bila kuukunjua mkanda. Ukiona neno SAFETY, kuna uwezekano mkubwa kwamba si nitreti, ingawa neno hilo huweza pia kunakiliwa kutoka mkanda mwingine. Ukiona NITRATE, au usione chochote, shusha roli darini taratibu, iweke penye ubaridi mbali na jiko, jua na sigara, usiitume kwa posta, na uwaite hifadhi ya filamu au zimamoto. Tena usiidharau. Nitreti ikitunzwa hudumu: ipo ya zaidi ya miaka mia moja ambayo bado inaonyeshwa, na weupe wake kwenye skrini hakuna nakala iliyoufikia.

(Wenye mikanda myembamba ya milimita 8 na 16, laleni usingizi. Karibu yote ilitengenezwa kwa plastiki isiyolipuka tangu mwanzo.)

Dada, nimeangalia filamu ya miaka ya 1940 iliyotangazwa kuwa "imerejeshwa upya". Picha bado ina chengachenga. Siku hizi akili unde inaweza kuondoa zote na kuweka rangi juu yake. Kwa nini hawa mafundi wanafanya kazi nusunusu? — Mpenda Picha Safi

Ndugu yangu, hizo chenga unazotaka zifutwe ndizo picha yenyewe. Filamu ya nyeusi na nyeupe haina kitu kingine: ni punje za fedha zilizogeuka nyeusi pale mwanga ulipogusa. Shavu la mwigizaji ni punje. Ukizilainisha, unabaki na shavu la sanamu ya nta, na kwa bahati mbaya diski za namna hiyo zinauzwa na watu wanazisifia.

Tofautisha chenga na uchafu. Vumbi, nywele, alama za vidole, michubuko iliyopatikana kwa kupita kwenye projekta mia, hivyo vyote viliingia baadaye na vinastahili kuondoka. Hata hapo programu iachwe na mtu wa kuitazama. Kompyuta hutambua uchafu kwa kuona kitu kilichotokea kwenye fremu moja na hakipo kwenye ile ya kabla wala ya baada. Sasa fikiria matone ya mvua. Fikiria cheche za mhunzi, au mpira uliopigwa kwa nguvu. Vyote hivyo vina tabia ya vumbi, na nimeona mvua nzima ikinyauka kwa sababu fundi alibonyeza kitufe akaenda kula.

Rangi nayo ina pande mbili. Filamu za rangi zilizochapwa kwa Eastmancolor, iliyoanza 1950, hupoteza buluu yake kwanza, kisha filamu nzima inabaki waridi. Kuirudisha buluu hiyo ni haki, kwa sababu ilikuwepo. Lakini kuipaka rangi filamu iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe ni kumsemea marehemu. Mwongozaji na mpiga picha walipanga vivuli, wakachagua kitambaa cha nguo kwa namna kitakavyotoka kijivu. Warithi wa mwongozaji John Huston walifungua kesi huko Ufaransa kuzuia filamu yake, The Asphalt Jungle, isionyeshwe kwenye televisheni ikiwa imetiwa rangi, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikawapa haki. Mimi ningeipiga muhuri hukumu ile.

Na akili unde? Ikikisia vizuri inasaidia, kwa mfano kutuliza picha inayotikisika. Inapoanza kuchora nyusi ambazo lenzi haikuziona, imeshaacha kurejesha, inatunga. Anayetaka kutunga apige filamu yake.

Shikamoo Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Filamu iliyopotea au iliyoungua inarejeshwaje? Na mnajuaje ipi ndiyo "halisi"? — Mwanafunzi

Marahaba. Swali lako la pili ndilo gumu, nami nitalifikia kwa kupitia la kwanza.

Kazi huanza kwa kutafuta, na haihitaji kompyuta. Unaandikia hifadhi zote unazozijua: nani ana negativu, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, nani ana nakala ya kuonyeshea, nani ana kipande? Shirikisho la hifadhi hizo, FIAF, lipo tangu 1938, na bila kuandikiana huko tusingekuwa na chochote. Kisha unalinganisha fremu kwa fremu. Filamu ya dakika 90 kwa fremu 24 kila sekunde ina fremu 129,600. Ukiwa na nakala tatu, zidisha mwenyewe. Ndipo zinakuja sindano, gundi na subira: kuziba matundu yaliyoraruka, kubandua viungo vilivyokauka, kuosha. Mkanda huingia kwenye skana, na ikiwa una michubuko upande wa plastiki, hupitishwa ndani ya kimiminika kinachopindisha mwanga sawa na plastiki hiyo, hivyo mchubuko unajaa na hauonekani. Hila hiyo ya zamani naipenda kuliko programu zote.

Chukua filamu tatu za Satyajit Ray, mwongozaji wa India, kuhusu kijana Apu, zinazoanza na Pather Panchali ya 1955. Negativu zake ziliungua kwenye maabara moja London mwaka 1993. Mabaki yaliyokuwa yamekunjamana na kuwa meusi pembeni yalipelekwa kwenye hifadhi ya Academy, watoaji wa tuzo za Oscar, huko Los Angeles, na kwa busara ya mtu fulani hayakutupwa, ingawa wakati ule hapakuwa na mashine ya kuyasoma. Miaka ishirini baadaye mafundi wa L'Immagine Ritrovata mjini Bologna waliyarudishia unyevu, wakayalainisha na kuyatengeneza kwa mkono takriban saa elfu moja. Zaidi ya theluthi moja ya Pather Panchali tunayoiona leo imetoka moja kwa moja kwenye negativu hizo zilizoungua. Palipokuwa majivu, walijaza kwa nakala nzuri zilizokuwa zimetunzwa kwingineko. Mwaka 2015 zilionyeshwa tena.

Ile ya Georges Méliès ya safari ya mwezini, ya 1902, Méliès mwenyewe alichoma negativu zake mwaka 1923 kwa kukata tamaa. Nakala iliyopakwa rangi kwa mkono ilijitokeza Barcelona mwaka 1993 ikiwa imegandamana. Ilibanduliwa kipande kwa kipande, ikaja kuonyeshwa Cannes mwaka 2011. Na The Passion of Joan of Arc ya Dreyer, ya 1928: negativu iliungua, akatengeneza nyingine kwa picha alizokuwa hakuzitumia, nayo ikaungua. Alifariki 1968 akiamini toleo lake la kwanza la filamu hiyo halipo tena. Mwaka 1981 nakala yake ikakutwa kabatini, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Tafuteni makabatini, nawaambieni.

Sasa "halisi". Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin Januari 1927, na miezi michache baadaye wasambazaji wakaikata vibaya. Kila mtu aliijua ile iliyokatwa. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires likakuta kwake nakala ya milimita 16 yenye dakika kama 25 zilizokuwa zimekosekana, ikiwa imejaa michubuko isiyoosheka, kwa sababu michubuko hiyo ilinakiliwa pamoja na picha. Tena fremu yake ni ndogo, sehemu ya picha imekatwa. Mafundi walifanya nini? Walisafisha walichoweza, wakaiacha michubuko iliyobaki, na mahali palipokosa picha wakaweka ukingo mweusi. Ukiitazama toleo la 2010 unajua papo hapo kipande kipi kimetoka Argentina. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii, na nitakupa jibu langu hapo: halisi ni ile unayoweza kuieleza imetoka wapi, kiungo kwa kiungo, na kila ulichokifanya ukakiandika ili mwingine akitaka kukitengua aweze.

Shangazi, tumeshalipia kuhamisha mikanda yote ya familia kwenye diski kuu ya kompyuta. Mikanda inajaza kabati. Sasa tutupe? — Tuliohamisha

Hapana.

Mnataka sababu, sawa. Skana ya leo itachekwa na skana ya kesho, na mkanda ndio utakaoweza kuskaniwa tena. Diski hufa kimya, haitoi hata harufu. Waliobobea huweka kwenye kanda za data ziitwazo LTO, na hizo nazo zina vizazi: mashine ya kizazi cha 7 husoma kanda za kizazi cha 5, 6 na 7, lakini ya kizazi cha 8 inasoma za 7 na zake tu. Asiyehama kila baada ya miaka michache anabaki na kanda nzima isiyosomeka. Academy ya Hollywood ilipiga hesabu mwaka 2007 ikakuta kwamba kuitunza filamu moja kidijitali kwa mwaka ni ghali karibu mara 11 kuliko kuitunza kama mkanda uliokaa baridi. Ndiyo maana studio kubwa, zenye kompyuta za kila namna, bado huchapa nakala za kazi zao kwenye mkanda wa poliesta na kuuweka ghalani.

Tengenezeni nakala tatu za faili, moja ikae nyumba nyingine. Kila mwaka zifungueni muone kama zinacheza. Na kabati lifungwe.

Nina kanda za video za VHS. Nifanye haraka au niko salama? — Msomaji

Haraka. Kanda yenyewe inaweza kuvumilia kidogo, mashine ya kuichezea haivumilii. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, ilisimama Julai 2016. Tafuta iliyo nzima, isafishwe kichwa, anza na kanda unazozililia zaidi.

Dada yangu, haya yote ni ya Hollywood na Ulaya. Filamu za Afrika nani anaziokoa? — Mwenye Kinyongo

Kinyongo chako nakipokea, ila usidhani wao walizitunza zao. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu karibu filamu 11,000 ndefu za kimya zilizotengenezwa huko kati ya 1912 na 1929: zilizobaki katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14 tu. Studio zilizichukulia kuwa takataka baada ya mauzo.

Kwetu kuna shida ya ziada. Filamu nyingi za Kiafrika za miaka ya 1960 na 1970 zilisafishwa kwenye maabara za Ulaya, na negativu zikabaki huko huko. Mtengenezaji akifariki, maabara ikifungwa, hakuna ajuaye ni za nani. Mwaka 2017 shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, lilishirikiana na UNESCO na The Film Foundation ya Martin Scorsese kuanza kutafuta na kurejesha filamu 50. Soleil Ô ya Med Hondo ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Sambizanga ya Sarah Maldoror, ya 1972, ikafuata. Kabla ya hapo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ilikuwa imerejeshwa 2008. Hamsini si nyingi. Na kinachochelewesha mara nyingi ni karatasi za haki miliki kuliko kemia, kwa hiyo mtengenezaji filamu unayesoma hapa, andika leo negativu yako iko wapi na nani arithi.

Shangazi, tumepata roli isiyo na jina wala tarehe. Tutajuaje ni nini? — Wapelelezi

Anzeni ukingoni. Kama ni ya Kodak, tafuteni alama ndogo za duara, mraba na pembetatu pembeni mwa matundu. Mpangilio wake huonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo mtapata miaka miwili au mitatu inayowezekana, na hapo macho yenu ndiyo yataamua: magari, mikato ya nywele, mabango ya dukani, urefu wa sketi.

Mkikwama, wasumbueni watu. Huko Culpeper, Virginia, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzisha mwaka 2012 mkutano ambapo filamu zisizojulikana zilionyeshwa ukumbini, na watazamaji hawakukatazwa kupiga kelele wala kutumia simu. Mmoja alipaza sauti kutaja aina ya gari, mwingine alimtambua mwigizaji kwa umbo la masikio yake, wa tatu alisoma bango nyuma ya farasi, na jina likapatikana. Nitumieni picha ya ukingo, fremu kumi mfululizo, iliyopigwa juu ya taa nyeupe isiyo ya moto. Nitaichapisha hapa, wasomaji wapige kelele.